Jumapili Bila Magari: Uchumi Unaweza Kukua Bila Moshi Kukua?

Kwenye mijadala yetu kuna hoja moja inarudi kila mara: nchi ikitaka kutajirika lazima ichome mafuta mengi. Wengine wanaongeza kwamba maskini akiambiwa habari za mazingira, anaambiwa tu abaki maskini. Leo tupime hoja hiyo kwa historia ya nchi moja ndogo, Denmark.

Mwaka 1973 zaidi ya 90% ya nishati ya Denmark ilitoka kwenye mafuta, na karibu yote yalinunuliwa nje. Oktoba mwaka huo vita vikazuka Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zikabana mafuta, bei ikapanda karibu mara nne ndani ya miezi michache. Kuanzia tarehe 25 Novemba, serikali ikapiga marufuku kuendesha magari siku za Jumapili. Watu wakatoka na baiskeli na miguu yao. Wakati huo hakuna aliyekuwa anawaza tabianchi. Waliogopa baridi na bili, basi.

Walianza na kile kilichokuwa kinapotea. Sheria za ujenzi zikakazwa ili nyumba zisivujishe joto. Sheria ya mwaka 1979 ikapanga namna ya kupasha nyumba joto: lile joto la vituo vya umeme ambalo lingetupwa tu, likapelekwa majumbani kwa mabomba ya maji ya moto. Leo karibu theluthi mbili za nyumba zinapata joto kwa mabomba hayo. Matokeo? Tangu miaka ile uchumi umekua zaidi ya mara mbili, lakini nishati inayotumika imebaki karibu ileile.

Sasa hapa tuwe makini: nishati ni kitu kimoja, moshi ni kitu kingine. Wakikimbia mafuta, Wadenmark waliangukia makaa ya mawe, na miaka ya 1980 umeme wao mwingi ulitoka huko. Kuachana na moshi kulichukua muda zaidi. Mwaka 1978, karibu na Ulfborg, walimu, wanafunzi na watu wa kujitolea walimaliza kujenga mtambo mkubwa wa upepo kwa mikono yao. Mwaka 1985 bunge likaamua kwamba nyuklia haitakuwemo kwenye mipango. Mwaka 1991 mitambo 11 ikasimamishwa baharini Vindeby, ya kwanza duniani ya aina hiyo. Mwaka 1992 ikaja kodi ya kaboni. Leo upepo unatoa karibu nusu ya umeme wao, na hewa chafu inayotoka nchini imeshuka kwa zaidi ya theluthi moja tangu 1990, huku uchumi ukiendelea kukua.

Je, wamekuwa malaika? Hapana. Simu na nguo wanazonunua zinatengenezwa mbali, na moshi wake unahesabiwa huko. Wanachoma mbao nyingi ambazo kanuni za hesabu zinaziandika sifuri. Na miaka yote hiyo walikuwa wanachimba mafuta yao Bahari ya Kaskazini. Kwa hiyo anayetilia shaka ana sababu, ila nishati na moshi kweli vilitenganishwa na pato.

Sisi tunaingia wapi? Wao walikuwa na nishati nyingi wakapunguza upotevu. Mama anayetembea saa nzima kutafuta kuni hana cha kupunguza, anahitaji zaidi. Na zaidi hiyo si lazima iwe moshi: mwaka 2017 kambi ya Azraq, Jordan, ilianza kupata umeme kutoka shamba lake la sola.

Basi mradi ukija kambini na neno "kuokoa nishati", tuulize kwa heshima: tutaokoa nini, na tutaongezewa nini? Ndugu zetu wa mashirika, na nyinyi mtujibu hapa. Karibuni tujadili.