Historia ya Kupunguza Viwimbi vya Nguvu ya Kuzungusha katika Mota Zisizo na Brashi

1.0 Utangulizi

Mota ya umeme isiyo na brashi husifiwa kwa kudumu na kwa matumizi mazuri ya umeme. Hata hivyo, nguvu yake ya kuzungusha haitoki sawasawa. Hupanda na kushuka mara nyingi ndani ya kila mzunguko. Viwimbi hivyo huleta kelele, mtikisiko na, katika mashine za usahihi, makosa ya mkao. Makala hii inadai kuwa viwimbi vilianza kudhibitika pale vyanzo vyake vilipotenganishwa, kila kimoja kikapewa jina na tiba yake.

2.0 Vyanzo Vitatu

Mwaka 1962, nchini Marekani, T. G. Wilson na P. H. Trickey waliwasilisha mashine ya mkondo mnyoofu ambayo kazi ya brashi ilifanywa na vifaa vya kielektroniki. Cheche na uchakavu wa brashi viliondoka, lakini viwimbi vilibaki. Sumaku za neodimi, chuma na boroni zilipobuniwa Japani na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, mota ziliongezeka nguvu, na chanzo cha kwanza cha viwimbi kikawa dhahiri zaidi.

Chanzo hicho ni mvutano kati ya sumaku na meno ya chuma yanayobeba koili. Huwapo hata umeme ukiwa umezimwa: anayezungusha mhimili kwa mkono huuhisi ukikwama na kuachia. Tiba yake imo katika umbo la mota. Meno au sumaku hulazwa mshazari, au hesabu ya mifuo na ncha za sumaku huchaguliwa kwa uangalifu. Mota yenye mifuo 12 na ncha 4 hukwama mara 12 kwa mzunguko. Yenye mifuo 12 na ncha 10 hukwama mara 60, na kwa kawaida kila mkwamo huwa mdogo zaidi.

Chanzo cha pili ni kuhamisha mkondo kutoka koili moja hadi nyingine. Mwaka 1992, Carlson, Lajoie-Mazenc na Fagundes walichapisha uchambuzi ulioonesha kwamba mkondo unaoondoka na ule unaoingia havibadiliki kwa kasi ileile. Mota ikienda polepole, nguvu huruka juu wakati wa kuhama. Ikienda kasi, huzama. Viwimbi hivi hutoweka pale tu volti ya chanzo inapokuwa mara nne ya volti inayozalishwa na koili moja. Kubadili umbo la chuma hakuwezi kuviondoa. Dawa yake ni udhibiti wa mkondo.

Chanzo cha tatu ni umbo la mkondo kutolingana na umbo la volti ya koili. Hapa ulisaidia udhibiti wa uga wa sumaku uliobuniwa Ujerumani na K. Hasse na F. Blaschke kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Ulihitaji hesabu za haraka, hivyo ulienea baada ya vichakataji vidogo kushuka bei. Mwaka 1996, T. M. Jahns na W. L. Soong walipochapisha mapitio yao, tiba ziligawanywa katika makundi mawili: usanifu wa mota na udhibiti wake.

3.0 Hitimisho

Historia hii inawahusu wapangaji wa lugha. Pikipiki za umeme zimekwisha kuingia katika barabara za Nairobi na Kigali, na mafundi watazifungua. Iwapo Kiswahili kitaita hali zote tatu "mtetemo", fundi atabadilisha kifaa cha udhibiti ilhali kasoro imo katika sumaku, na mteja atalipia kosa la istilahi. Inapendekezwa kwamba istilahi za mitaala ya ufundi na za viwango vya kikanda zitaje chanzo: viwimbi vya meno, viwimbi vya kuhama kwa mkondo, na viwimbi vya umbo la mkondo. Fundi akizimiliki istilahi hizo, swali lake la kwanza litakuwa jepesi: je, mhimili unakwama hata umeme ukiwa umezimwa?