Misitu ya Mjini: Istilahi na Miembe ya Kwihara

Katika kampeni zetu fani hii huitwa upandaji miti mijini, na jina hilo linaipunja. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kinachofuata ni cha miaka mingi: kuhesabu miti ya mji, kujua umri na afya yake, kupogoa, kuondoa uliooza kabla haujaangukia watu, na kutenga kwenye ramani nafasi ya mti ujao kabla viwanja havijagawiwa.

Jina la fani lilizaliwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada. Erik Jorgensen, mtaalamu wa magonjwa ya miti, alishughulika na ugonjwa wa kuvu uliokuwa ukiangamiza miti ya kivuli mitaani. Hoja yake ilikuwa kwamba miti yote ya mji, ya barabarani, ya uani na ya bustanini, itunzwe kama msitu mmoja. Kwa sababu ya hoja hiyo nachagua misitu ya mjini, na usimamizi wake ndio fani yenyewe.

Najua watu wa Tabora watalipinga neno. Kwao msitu ni miombo, mahali pa mizinga ya nyuki, nje ya makazi. Safu ya miembe kando ya barabara wataiitaje msitu? Hata hivyo sioni mfano ulio bora kuliko miembe yao.

Chukua miembe ya Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora. Ndipo lilipo tembe ambamo mwandishi wa habari Stanley aliagana na msafiri na mmisionari Livingstone Machi 1872, na Livingstone akaondoka humo Agosti kwa safari yake ya mwisho. Eneo lote la Unyanyembe, lenye Tabora na Kwihara, lilikuwa kituo kikuu kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mwembe, mti wa Asia uliokwisha kuzoea pwani, ulipanda bara kwa njia hiyo. Wenyeji husimulia kwamba ni wafanyabiashara wa Kiarabu walioupanda. Njia ilibeba pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, kwa hiyo kivuli cha miembe yake hakikuwa cha heri kwa kila aliyekipita. Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza njia hiyo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia, na Kwihara ni mojawapo ya vituo vyake sita.

Aliyechagua mwembe alijua mahali. Mvua za Tabora huanza yapata Novemba na kukoma Aprili au Mei. Kiangazi miti mingi ya miombo hupukutika, lakini mwembe haupotezi majani yake, na mizizi yake huzama mbali kufuata unyevu. Jua la Septemba na Oktoba linapokuwa kali kuliko yote, kivuli kipo, na maembe yanakuja.

Kuhusu kiasi cha miti mji unachohitaji, mwaka 2021 mtaalamu wa misitu ya mjini Cecil Konijnendijk alipendekeza kipimo rahisi: kila nyumba ione angalau miti 3, matawi yafunike asilimia 30 ya mtaa, na bustani isiwe mbali zaidi ya mita 300. Kwa mji wa miembe mizee, asilimia hiyo 30 ndiyo inayonitia hofu. Miti iliyopandwa zama moja huzeeka pamoja, na mji ulioegemea aina moja unaweza kupigwa na ugonjwa mmoja, kama ilivyotokea kwa miti ya Toronto. Mkwaju na mninga inastahili nafasi kando ya mwembe, sasa, wakati wazee bado wamesimama.

Tena barabara ina mwenyewe, nguzo za umeme zina mwenyewe, kiwanja kina mwenyewe. Mti uliosimama katikati yao huweza kukatwa na yeyote bila kupandwa tena na yeyote. Bwana miti wa manispaa apewe mamlaka juu yake, na daftari: kila mwembe wa barabarani, unene wa shina lake, tawi lililokauka, na mwaka wa kuuandalia mrithi.