Deni la Pembe, Deni la Kuni

Tabora ni mji uliojengwa kwa mkopo. Wageni wanaofika kutazama nyumba ya Livingstone pale Kwihara huelezwa habari za misafara, pembe za ndovu na utumwa, na yote hayo ni kweli. Lakini ni mara chache waelezwe fedha za misafara hiyo zilitoka wapi. Mimi ninayeishi Isevya, na ambaye nimeona vijana wengi tuliowasomesha wakiingia kazi ya benki, naona sehemu hiyo ya historia inawahusu wao kuliko mtu mwingine yeyote.

Katika karne ya 19, mtu aliyetaka kutoka pwani kuja Unyanyembe alihitaji mali ya kubadilishana: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba. Waliokuwa na fedha taslimu walikuwa wachache. Wengi walikwenda kwa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja na Bagamoyo, wakapewa bidhaa kwa ahadi ya kulipa kwa pembe watakaporudi, mwaka mmodi au miwili baadaye, pengine zaidi. Bei ya bidhaa za mkopo ilikuwa juu ya bei ya taslimu, na hapo ndipo faida ya mkopeshaji ilipojificha. Katika wakopeshaji hao aliyejulikana sana ni Taria Topan, mtu wa asili ya Kutch, ambaye kuanzia mwaka 1876 alishika pia ushuru wa forodha ya Unguja. Huyu ndiye aliyemkopesha Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa amelowea hapa hapa Tabora.

Sasa tuangalie jinsi deni lilivyofanya kazi. Mwenye deni hawezi kurudi pwani mikono mitupu. Ndovu walipopungua Unyamwezi, misafara haikusimama. Ilisonga mbele, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikaingia Manyema. Huko bunduki zilifanya kazi ambayo shanga hazikuiweza: vijiji vilivamiwa na watu wakatekwa. Mkopeshaji aliyeketi barazani kwake Unguja hakuyaona hayo. Daftari lake lilikuwa na vitambaa upande mmoja na frasila za pembe upande wa pili, kila frasila ikiwa karibu kilo 16. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyebeba mzigo wa kilo 30 hivi, akafa kwa ndui kabla ya kufika Ugogo, hakuwa na mstari katika daftari hilo. Ndovu naye hakuwa nao, isipokuwa pembe zake.

Hata hivyo, Taria Topan hakuwa bahili. Mwaka 1887 liliwekwa jiwe la msingi la hospitali aliyoigharamia mjini Unguja, kwa kumbukumbu ya miaka hamsini ya Malkia Victoria. Alipewa cheo cha "Sir", akafariki mwaka 1891 kabla jengo halijakamilika. Lilikamilika mwaka 1894. Lipo hadi leo ukingoni mwa bahari, na roshani zake za mbao zilizonakshiwa ni za kupendeza mno. Simdhihaki marehemu. Ninachosema ni kwamba wema wake ulikuja baada ya faida kupatikana, na mkopo wenyewe haukuulizwa swali lolote.

Mtindo huo haujafa. Nilipokuwa mwalimu mkuu nilipokea madawati kutoka kwa taasisi moja ya fedha, nikashukuru kwa dhati maana watoto walikuwa wakikaa chini. Yalikuwa ya mninga safi. Tulipiga picha, na hakuna aliyeuliza mninga ule ulikatwa wapi.

Wakoloni nao walikuwa na zamu yao. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza ilipoteza kiasi cha pauni milioni 36 katika mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa kwa matrekta kabla ya mvua na udongo kuchunguzwa sawasawa. Karanga zilipokataa, Urambo ikageukia tumbaku.

Na tumbaku ndiyo pembe ya zama zetu. Mkulima hupata mbolea na dawa kwa mkopo kupitia chama cha msingi, kisha deni hukatwa kwenye mauzo. Benki huupenda utaratibu huu kwa sababu mnunuzi anajulikana na fedha hupita mkono mmoja. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa ndani ya bani kwa moto usiozimwa usiku na mchana, kwa muda wa juma zima hivi. Mbolea imo katika hesabu ya mkopo. Kuni mara nyingi hazimo, kwa kuwa msitu wa miombo ulidhaniwa ni wa bure. Watoto pia hawamo. Mwalimu yeyote wa sehemu hizi anajua daftari la mahudhurio linavyokuwa msimu wa kuchuma majani.

Ubaya ni kwamba msitu huo huo ndio ghala la nyuki. Wafuga nyuki wa Tabora walikuwa na chama chao cha ushirika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na dhamana yao ni mti uliosimama. Ila mti uliosimama haupokelewi kirahisi kwenye dirisha la mikopo.

Siku hizi kanuni zipo. Benki ya CRDB, iliyoanza mwaka 1984 kwa ajili ya ushirika na vijiji, ilithibitishwa na Mfuko wa Kijani wa Tabianchi mwaka 2019, na mwaka 2022 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa mabenki kuhusu hatari za mabadiliko ya tabianchi. Ni hatua kubwa, lakini mwongozo hausafiri wenyewe hadi Kaliua. Humfikia mkulima pale tu ofisa mikopo anapotoka ofisini, akahesabu miche iliyoshika na siyo iliyogawiwa, akaona bani kama ni la kisasa linalokula kuni kidogo. Na kama hana muda wa yote hayo, amwulize mkulima swali moja kabla ya kutia sahihi: miaka kumi iliyopita kuni ulizitoa umbali gani, na mwaka huu unazitoa wapi? Mkulima hatahitaji kufikiri, kwa maana yeye ndiye anayelipia mkokoteni.