Niobi: Soko ambalo Mrima italazimika kupambana nalo

KILA panapozungumziwa utajiri wa madini nchini, jina la kilima cha Mrima katika Kaunti ya Kwale halikosi kutajwa. Chini ya msitu huo, ambao pia ni kaya takatifu ya Wadigo, kuna niobi. Je, soko la madini haya likoje ulimwenguni?

Niobi ni metali ya kijivu iliyogunduliwa nchini Uingereza mnamo 1801 na mwanakemia Charles Hatchett. Takriban asilimia 90 ya niobi inayochimbwa huishia katika viwanda vya feleji. Gramu mia chache tu katika tani nzima huifanya feleji kuwa imara zaidi, hivyo kwamba chuma kidogo hubeba mzigo mkubwa. Feleji hiyo hutumika kuundia mabomba ya gesi, madaraja na magari.

Kwa sababu hiyo, mahitaji ya niobi hutegemea ujenzi. China, inayoongoza duniani kwa kutengeneza feleji, inapopunguza kasi, wauzaji wa niobi nao huathirika. Tumaini jipya ni betri zinazochajiwa kwa haraka, ingawa matumizi hayo yangali machanga.

Kwa upande wa ugavi, Brazil hutoa karibu asilimia 90 ya niobi yote, ikifuatwa kwa mbali na Canada. Mgodi mkuu uko Araxá, jimbo la Minas Gerais, chini ya kampuni ya CBMM, na akiba yake inatosha kwa miongo mingi. Bei hukubaliwa katika mikataba baina ya muuzaji na mnunuzi. Hata hivyo, muuzaji hawezi kuipandisha apendavyo, kwani viwanda vinaweza kugeukia vanadi au titani.

Kwa hivyo, dunia haikabiliwi na uhaba wa niobi. Kinachowatia wanunuzi wasiwasi ni kutegemea nchi moja. Hapo ndipo penye nafasi ya Mrima.

Mnamo 2013, serikali ya Kenya ilifuta leseni ya kampuni ya Cortec. Kampuni hiyo ilishtaki katika mahakama ya kimataifa ya usuluhishi, ICSID, ambayo mnamo 2018 ilitupilia mbali dai lake kwa kuwa leseni ilipatikana bila kufuata sheria, zikiwemo za mazingira.

Mabilioni yanayotajwa kuwa ardhini Mrima si pesa mkononi. Thamani yake itategemea mnunuzi, gharama ya uchimbaji na ridhaa ya wenyeji wa kaya hiyo.