Mwalimu wa Tabora na televisheni iliyochelewa

Tabora ilizoea wageni wa miguu kabla ya reli kuwasili mwaka 1912. Misafara ya pembe na watumwa kutoka Ujiji ilipumzika hapo kabla ya kuteremka Bagamoyo, na pale Kwihara, nje kidogo ya mji, lipo tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872. Mwaka 1937 akaja mgeni mwingine, kijana wa Butiama, kusoma katika shule ya serikali ambayo Waingereza waliianzisha wakiwafikiria zaidi watoto wa machifu.

Julius Nyerere alimaliza hapo, akaenda Makerere, kisha akarudi Tabora kufundisha St. Mary's kuanzia 1946 hadi alipoondoka kwenda Edinburgh mwaka 1949. Shule za namna ile hazikumwacha mtu bila Shakespeare. Wengi walimkariri wakafaulu mtihani, basi. Nyerere alimchukua nyumbani. Tafsiri yake ya *Julius Caesar* ilitoka mwaka 1963, mwenyewe akiwa Rais. Akairekebisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*, mwaka uleule wa *Mabepari wa Venisi*. Mistari yake haina vina, jambo lililohitaji ujasiri kwa mtu aliyekulia katika lugha ambayo shairi lisilo na vina lilitazamwa kwa jicho la shaka.

Ungetarajia mpenzi wa tamthilia kiasi hicho aikimbilie televisheni. Wapi! Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ikabaki na redio. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba chombo cha wachache wa mjini hakiwezi kutangulia maji na shule za vijijini. Mimi naiona hoja hiyo kuwa na uzito, ila gharama yake waliilipa watunzi.

Maana kizazi kizima cha waandishi wa tamthilia kilikua bila kioo. Ebrahim Hussein na *Kinjeketile*, Penina Muhando na *Hatia*, Amandina Lihamba na *Hawala ya Fedha*, Edwin Semzaba na *Tendehogo*, inayorudi kwenye biashara ileile ya watumwa: wote waliandika kwa ajili ya jukwaa na kitabu. Nchi nyingine, mtunzi wa jukwaa akichoka na ukumbi mtupu huhamia televisheni, akawa mwandishi, kisha mtayarishaji. Huku njia hiyo haikuwapo. Mtunzi alihamia darasani, na kazi yake ikawa swali la mtihani wa kidato cha nne.

Kituo cha televisheni cha ITV kilipoanza huku Bara mwaka 1994, kioo kilijaa watu wengine. Vikundi kama Kaole vilitoka kwenye vichekesho vya majukwaani, ambako kiongozi hupanga kisa na waigizaji hujitungia maneno papo hapo. Vilipendwa mno, kwa haki kabisa. Lakini mtu wa kukaa mezani na kuandika mazungumzo neno kwa neno hakuhitajika sana, na wasomi wa tamthilia wengi wakabaki kulalamika pembeni.

Mwandishi alirudi taratibu. Mwaka 2012 ilianza *Siri ya Mtungi*, tamthilia ya televisheni iliyoandikwa na kupigwa kwa uangalifu wa filamu, ikimfuata Cheche, mpiga picha kijana mwenye mke, tamaa na madeni ya moyo. Kisa chake kimewekwa Bagamoyo, ilikoishia ile misafara ya Tabora, mji ambao tangu 1981 ulikuwa na Chuo cha Sanaa.