Watu watatu waliotumwa Boma kusikiliza vijiji

Tarehe 23 Julai 1904, Mfalme Léopold II wa Ubelgiji alitia sahihi amri ya kuunda tume ya uchunguzi juu ya mambo yaliyokuwa yakitendeka katika Dola Huru ya Kongo. Amri ilitaja majina matatu. Mwenyekiti alikuwa Edmond Janssens, mwanasheria wa serikali kwenye korti ya juu kabisa ya Ubelgiji. Wa pili alikuwa Baron Giacomo Nisco, Mwitalia, hakimu wa korti ya rufaa ya Boma. Wa tatu, Edmund de Schumacher, alikuwa Mswisi aliyeongoza idara ya sheria katika jimbo la Lucerne. Mkongomani hata mmoja hakutajwa.

Familia zilizo kambini leo, au kwa jamaa waliozipokea, zinajua uzito wa kungoja watu wasiojulikana waje kuamua shamba la nyumbani ni la nani. Ndiyo sababu habari ya tume ile inafaa kusimuliwa tena. Watu hukumbuka mikono iliyokatwa, na ni haki waikumbuke. Lakini chini ya mateso yale kulikuwa na uamuzi juu ya ardhi, uliofanywa na watu wa ofisini kabla vijiji vyenyewe havijaulizwa neno.

Uamuzi huo ulitoka tarehe 1 Julai 1885. Amri ya siku ile ilisema wenyeji wasinyang'anywe ardhi wanayoikalia, na kwamba ardhi tupu ni mali ya Dola. Ukisoma haraka, unaona ni maneno ya haki. Ila, ardhi tupu ni ipi? Kwa mtu wa kijiji, msitu wa kuwindia si mtupu. Shamba lililoachwa lipumzike si tupu, wala mto wa kuvulia, wala mahali walipozikwa wazee. Kwa karani wa Boma, kila mahali pasipo nyumba wala mihogo palikuwa patupu. Basi karibu inchi nzima ikawa ya Dola, na Dola ikagawia makampuni sehemu kubwa za misitu. Kampuni ya ABIR ilipata bonde la mito Maringa na Lopori. Tangu hapo, mwenyeji aliyegema mpira katika msitu wa babu yake alihesabiwa kuwa anagema mali ya mwingine, na alilazimishwa kuileta kwa bunduki na kwa fimbo.

Tume ya 1904 haikuwa ya kwanza. Mwaka 1896, malalamiko yalipoanza kufika Ulaya, mfalme aliunda Tume ya Kulinda Wenyeji. Aliteua wamisionari sita, watatu Wakatoliki na watatu Waprotestanti, mmoja wao George Grenfell aliyejulikana sana kwa safari zake za mtoni. Walikuwa watu wenye heshima, na hakuna aliyeweza kusema mfalme amechagua wabaya. Shida ilikuwa mahali walipokaa. Vituo vyao vilikuwa mbalimbali, na hakuna kati yao aliyeishi katika misitu ambako mpira ulikuwa ukimwaga damu. Tume ilikutana mara mbili tu, na mara zote mbili hawakutimia sita. Kisha ikafifia. Ukitaka tume isione kitu, huna haja ya kuteua waongo. Teua watu wema na uwaache mbali.

Miaka michache baadaye njia hiyo haikutosha tena. Tarehe 20 Mei 1903 Bunge la Uingereza lilipitisha azimio juu ya Kongo, na mwanzoni mwa 1904 ikachapishwa ripoti ya konsuli Roger Casement, aliyekuwa ametembelea vijiji vya mtoni na kuandika alichokiona. Hapo ndipo mfalme alipotaja wale watatu. Wapinzani wake walikuwa na sababu ya kushuku: aliyeshitakiwa ndiye aliyechagua wasikilizaji, na Nisco alikuwa akilipwa mshahara na Dola ileile aliyotumwa kuichunguza.

Watatu hao walifika Boma tarehe 5 Oktoba 1904, wakaondoka tarehe 21 Februari 1905. Tofauti yao na wale sita ilikuwa hii: walipanda merikebu na kuufuata mto mpaka ndani. Walikaa kwenye vituo vya serikali na vya misioni, wakaweka meza, wakaita mashahidi waseme mbele ya watu. Walikuwa watu wa sheria, na kazi ya kuuliza na kuandika waliizoea.

Huko Baringa, katika eneo la ABIR, alikuja mbele yao chifu Lontulu. Yeye mwenyewe alikuwa amepigwa fimbo, ameshikwa mateka na kufungwa minyororo. Aliweka vijiti 110 juu ya meza ya tume, kila kijiti mtu mmoja wa kwake aliyeuawa kwa sababu ya mpira. Aliviweka mafungu manne: wakubwa wa ukoo, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akataja majina, kijiti kwa kijiti.

Tume ilipomaliza safari ilimweleza kaimu gavana mkuu, Paul Costermans, iliyoyakuta. Mwezi wa Machi 1905 Costermans alijiua.

Ripoti ilitoka Novemba 1905, na watu waliokuwa wamengoja kusikia mfalme akisafishwa walishangaa. Wale watatu walithibitisha mengi aliyoandika Casement: walinzi wenye bunduki walioachwa vijijini, wanawake waliofungwa ili waume zao walete mpira, kazi ya kodi iliyopita kiasi. Juu ya ardhi waliona kwamba ile maana ya "ardhi tupu" ilimpa Dola karibu inchi yote, na kwamba mahali pengine mwenyeji alikatazwa hata kutoka kijijini kwake bila ruhusa. Pamoja na hayo waliisifu Dola kwa kazi zake nyingine. Watu wa mfalme nao walijaribu kuwahi: siku moja kabla, magazeti ya Uingereza yaliletewa "muhtasari" wa ripoti uliopunguza makali yote, kwa jina la chama cha wamisionari ambacho hakikuwapo. Magazeti yaliuchapisha, na baadaye yakagundua yamedanganywa.

Baada ya ripoti, mfalme aliteua tume nyingine, ya kupanga marekebisho. Hii ilikuwa na watu kumi na wanne, na ndani yake waliingia maofisa wa juu wa Dola pamoja na watu wa makampuni. Waliofaidika na uamuzi wa ardhi walipewa nafasi ya kuurekebisha. Matokeo yake ni amri za tarehe 3 Juni 1906: gavana aliweza kukipa kijiji eneo mara tatu ya lile kilichokuwa kikilikalia. Ilikuwa nafuu kidogo, lakini mpimaji ni gavana, na msitu uliobaki uliendelea kuwa wa Dola. Tarehe 15 Novemba 1908 Ubelgiji ulichukua Kongo, na neno "tupu" lilihamia katika serikali mpya.

Hata baada ya uhuru, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni mali ya Serikali. Kifungu cha 389 kiliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za jamii juu ya ardhi zinazokaliwa kwa desturi. Miaka mingi ilipita amri hiyo ikingojewa.

Ushuhuda uliosemwa mbele ya Janssens, Nisco na Schumacher haukuchapishwa pamoja na ripoti. Uliwekwa katika nyaraka huko Brussels, na watafiti hawakufunguliwa mpaka miaka ya 1980. Habari ya vijiti vya Lontulu ilifika Ulaya mapema kwa sababu wamisionari waliokuwapo Baringa waliandika wenyewe waliyoyasikia, wakayachapisha bila kungoja tume.