Mteja na Mwenye Duka ni Yule Yule

Ukikata bima ya gari na kampuni ikakataa kukulipa baada ya ajali, una pa kwenda. Utapiga kelele, utaandikia mamlaka ya bima, ikibidi utaenda kortini. Kelele za wateja ndizo huamsha wakaguzi. Sasa fikiria kampuni ya bima ambayo mteja wake ni yule yule aliyeianzisha. Atamshtaki nani?

Kampuni za aina hii huitwa mateka, na jina lilianzia Youngstown, Ohio, miaka ya 1950. Frederic Reiss, mtaalamu wa bima, alikuwa akiihudumia kampuni ya chuma ya Youngstown Sheet and Tube. Kampuni hiyo ilikuwa na migodi iliyoitwa mateka, kwa kuwa madini yake yaliingia kwenye tanuri za mwenye migodi tu, hayakuuzwa sokoni. Reiss akalihamishia jina hilo kwenye bima. Wazo lenyewe si baya: kampuni kubwa inajiwekea akiba ya hasara zake badala ya kumnufaisha mgeni. Ni kama chama, ila mwanachama ni mmoja, na mweka hazina ni yeye.

Shida ni kwamba sheria za bima za Marekani zilidai mtaji mkubwa na taratibu nyingi. Mwaka 1962 Reiss akafungua ofisi Bermuda, na wateja wakamfuata. Bermuda ilikuja kupitisha Sheria yake ya Bima mwaka 1978.

Mwaka 1981 jimbo dogo la Vermont likawafungulia mlango nyumbani, lakini kwa masharti: mtaji na akiba visivyopungua dola 250,000, mkaguzi wa serikali kuingia angalau kila miaka 3, na gharama ya ukaguzi kulipwa na anayekaguliwa. Ungedhani wangekimbia. Kumbe Vermont ikawa ngome yao kuu Marekani.

Mwanya ulifunguka kwingine. Mwaka 1986 Bunge la Marekani liliruhusu kampuni ndogo za bima, zenye malipo yasiyozidi dola milioni 1.2 kwa mwaka, zitozwe kodi kwenye faida ya uwekezaji peke yake. Basi mfanyabiashara akawa anailipa kampuni yake mwenyewe, anayatoa malipo hayo kwenye hesabu ya kodi, na upande wa pili hayatozwi pia. Pesa ikitoka mfuko wa kushoto inaingia wa kulia.

Mwaka 2017 Mahakama ya Kodi iliamua kesi ya mume na mke wa Arizona wenye maduka ya vito. Mwaka 2006 bima yao iligharimu takriban dola 150,000. Kufikia 2010 walikuwa wakiandika zaidi ya milioni 1.3. Kampuni yao ilisajiliwa Saint Kitts, cheti inacho, lakini haikupokea dai hata moja la fidia hadi wakaguzi wa kodi walipobisha hodi. Mahakama ikasema hiyo si bima.

Waliobisha hodi walikuwa watu wa kodi, si wasimamizi wa bima. Huku nyuma, pengo la kodi linazibwa na yule ambaye mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia. Kwa hiyo mkaguzi wa kampuni kama hizi asitosheke na cheti na vitabu vinavyolingana. Aulize dai la mwisho lililipwa lini, na alilipwa nani.